Hesabu Isikae Mfukoni mwa Mtu Mmoja

Mtu akipita kijijini Usukumani asubuhi hawezi kupita kimya. Ataamkiwa "mwangaluka", ataulizwa atokako, ataulizwa mvua ya huko na ng'ombe wa huko, nani amefiwa na nani amejifungua; naye atauliza vivyo hivyo kabla hajaruhusiwa kuendelea na safari yake. Mgeni wa mjini akiyaona hayo hudhani watu wanapoteza wakati. Hawapotezi wakati. Hilo ndilo gazeti la wazee wetu, nalo lilikuwa likisomwa katika nchi hii kabla ya mkoloni kuleta mashine ya kupigia chapa.

Hata leo ni vivyo hivyo. Siku ya mnada, bei ya ng'ombe hufika nyumbani kabla ya mwenye ng'ombe. Mvuvi wa dagaa arudipo alfajiri, bado yu majini, amekwisha pigiwa simu na mchuuzi wa Kirumba kuulizwa amepata kiasi gani. Mama anayeanika dagaa mchangani humwuliza dereva wa basi kama mvua imenyesha Magu. Na msibani, baada ya kuzika, watu hujua yote: nani anauza shamba, mtoto wa nani amepata kazi, mbegu gani imeharibika.

Basi twauliza: watu wapendao habari namna hii, imekuwaje mara mbili wakapoteza jamaa zao ziwani, na asipatikane mtu wa kusema kwa hakika walikuwa wangapi chomboni?

Meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, ikitoka Bukoba kwa njia ya Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndugu wasomaji, na tulitafakari jambo hilo polepole. Mwenye nauli kubwa aliandikwa. Mwenye nauli ndogo aliingia kama mzigo unavyoingia. Ndiyo maana mpaka leo hesabu ya waliokufa hutajwa kwa namna mbalimbali, nyingine zikikaribia 900, na ndiyo maana yako makaburi pale Igoma ambayo mtu hawezi kuyaendea na kusema, "Huyu ni wangu."

Miaka 22 ikapita. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kikienda Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kiliruhusiwa kubeba watu 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika gatini, watu wa Bwisya wakiona kwa macho yao. Wavuvi walikimbia na mitumbwi yao, wakaokoa waliowaokoa. Watu 41 walitoka hai, na maiti waliopatikana walikuwa 228. Tangu saa ya kwanza swali lilikuwa moja: walikuwamo wangapi? Ikaelezwa ya kuwa karani aliyekata tiketi naye amekufa maji, na mashine yake imepotea pamoja naye. Hesabu nzima ya watu wa kisiwa kile ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na mtu yule alikuwa ndani ya chombo kile kile! Ilibidi watu wahesabiwe kwa maiti.

Sisi hatumlaumu karani. Mungu amrehemu, alikuwa mfanya kazi kama sisi. Twalaumu desturi ya kuweka habari ya watu wengi mahali pamoja, pasipo nakala, pasipo mtu mwingine wa kuiona.

Na asije mtu akatuambia kwamba ziwa ni ziwa, na mambo hayo hayawezekani. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka katika ziwa hili hili, karibu na uwanja wa Bukoba. Walikuwamo watu 43, abiria 39 na wahudumu 4. Walikufa 19. Msiba ule ulituuma sote, na hapo tena wavuvi ndio waliotangulia kufika. Lakini siku ile ile kila mtu alijua walikuwa 43, kwa sababu jina la kila mmoja lilibaki nchi kavu kabla ya ndege kuruka. Tofauti haikuwa maji. Tofauti ilikuwa nauli.

Hapa yafaa tuwakumbushe vijana jambo ambalo baba zao na babu zao walilifanya katika Jimbo la Ziwa, maana huenda hawakulisikia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa pamba alikuwa akifika kituoni na mzigo wake baada ya kutembea mwendo mrefu, naye akimkuta mnunuzi amesimama nyuma ya mzani wake. Mzani ulimtazama mnunuzi. Mkulima aliambiwa ratili ngapi, akaambiwa shilingi ngapi, akaenda zake. Kama alijua kusoma, hakuruhusiwa kukaribia. Kama hakujua, kukaribia hakukumfaa kitu. Wengi walijua moyoni kwamba wanaibiwa, lakini kujua moyoni si hesabu. Huwezi kwenda kwa Bwana Shauri ukamwambia, "Moyo wangu waniambia zilikuwa ratili mia."

Hawakuanza kwa mawe, wala kwa kuchoma pamba. Wakulima walichanga fedha wakaweka wapimaji wao wenyewe, ili mzigo upimwe na mtu wao kwanza, kisha ndipo wakasikie mzani wa mnunuzi utasema nini. Jambo dogo sana! Mzani wa pili tu. Lakini tangu siku hiyo mkulima aliingia kituoni akiwa na hesabu yake kichwani, na mtu mwenye hesabu yake hatishwi kwa urahisi. Katika kazi hiyo ndimo alimojulikana Ndugu Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanya biashara Waafrika wa Mwanza, na mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana vikawa shirikisho la Victoria, lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Kumbukeni kwamba wakati ule TANU ilikuwa imekatazwa katika Jimbo la Ziwa, tangu 1954 mpaka 1958. Ushirika haukukatazwa. Na palipo na mzani pana watu, na palipo na watu wanaosubiri zamu hapakosi mazungumzo. Serikali ya kikoloni ilifunga mlango wa ofisi ya Chama, ikasahau foleni ya pamba.

Tungeweza kuishia hapo tukajisifu, lakini huo ungekuwa udanganyifu. Maana mzani ulipokuja mikononi mwetu, wengi wetu tuliacha kuutazama. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, na ilisikia kwa wakulima malalamiko yale yale ya zamani: mizani isiyo ya haki, makato yasiyoelezwa, wakubwa wasiopenda kuulizwa. Mwizi alikuwa amebadilika rangi tu. Tuliamini kwamba kwa kuwa karani ni ndugu yetu, basi hakuna haja ya mzani wa pili. Kosa hilo bado tunalo.

Hebu tuingie mialoni leo. Sangara hupimwa, bei hutajwa na wakala, mvuvi hupokea. Simu imesaidia, hilo hatulikani: mwenye simu na mtandao anaweza kuuliza bei ya mwalo wa pili kabla hajashusha samaki. Lakini uliza habari ya mabondo. Mabondo ya sangara hupelekwa mbali, mpaka Hong Kong na Uchina, nayo kwa kilo hushinda nyama ya samaki yenyewe kwa thamani. Ni wangapi katika wale wanaovuta nyavu usiku wawezao kukuambia kilo moja ya mabondo yaliuzwa kiasi gani wiki iliyopita huko yaendako? Mwenye chombo huenda akajua kidogo, wakala zaidi, na mwenye ghala zaidi kuliko wote. Habari hupanda bei kama samaki wanavyopanda bei, kila inapopita mkono mmoja.

Na palipo na giza la hesabu, uvumi hujenga nyumba. Mvuvi asiyejua kwa nini bei imeanguka, au kwa nini jirani yake amepata naye amekosa, ataambiwa na mganga tapeli sababu isiyohitaji mzani wala hesabu. Katika kanda yetu hii hii, hasa miaka ya 2007 na 2008, uongo kwamba viungo vya ndugu zetu wenye ualbino huleta bahati ya samaki na ya dhahabu uliua watu wasio na kosa, watoto wakiwamo. Hatusemi kwamba ubao wa bei ungezuia mauaji yale; wauaji ni wauaji. Twasema kwamba uongo ule ulisafiri kwa njia zile zile zipitazo habari za kweli, yaani mwaloni, machimboni na vilabuni, na haukukutana njiani na mtu wa kuukataa.

Tena si kweli kwamba watu wetu ni wagumu wa kujifunza, kama wasemavyo mabwana wengine wakaao mjini. Mwaka 1968 Mwanza ilifanywa makao ya mradi wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, na wazee walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumza pamba na uvuvi, si hadithi za simba na sungura. Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili katika nchi nzima walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya "Mtu ni Afya". Walisikiliza, wakabishana, halafu wakainuka wakachimba vyoo. Sisi twaona hilo ndilo jambo kubwa katika habari ile: hawakuachiwa kila mtu na redio yake. Leo kila kijana ana redio, gazeti na kamera katika simu moja, lakini husoma peke yake, hucheka peke yake, na likimpata jambo hana wa kubishana naye kama ni kweli.

Sheria hatuna upungufu nayo. Ibara ya 18 ya Katiba yatupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 yamruhusu raia kuandika barua ofisini na kudai ajibiwe katika siku 30. Mkutano wa kijiji hauna budi kuitwa kila miezi mitatu, na hesabu ya kijiji kusomwa mbele ya watu. Tuulizane bila kufichana: katika matawi yetu ni wangapi waliopata kuandika barua hiyo? Ni vijiji vingapi ambavyo mkutano huitwa tu mgeni anapokuja? Na wako viongozi, tena wenye kadi za Chama, ambao mwananchi akiuliza habari ya mchango wa zahanati humwita mchochezi. Neno hilo tulilisikia kwanza kwa mkoloni. Hatukutazamia kulisikia tena.

Daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa mwezi wa Juni 2025, na wale waliokuwa wakikesha wakingoja kivuko pale sasa wanapita kwa miguu yao na magari yao. Twashukuru. Lakini hakuna daraja la kwenda Ukara, wala Kome, wala Maisome, na watu wa huko wataendelea kupanda vyombo vya maji, leo na kesho. Hatusemi kwamba hakuna lililotengenezwa tangu 2018. Twasema tusingoje kuambiwa.

Ushauri wetu kwa matawi ya visiwani na ya pwani ni huu. Kila gati liwe na ubao, na juu ya ubao iandikwe kwa herufi kubwa idadi ya watu ambayo chombo kimeruhusiwa kubeba. Kabla ya kamba kufunguliwa, idadi ya waliopanda iandikwe chini yake, na orodha ya majina ibaki nchi kavu kwa mtu mwingine asiyesafiri. Wako watakaosema kwamba kuandika majina kutachelewesha safari. Gulio la Bugolora linaweza kungoja nusu saa. Balozi asione haya kusimama pale akahesabu kwa kidole. Babu zake walisimama kando ya mzani. Hesabu ikizidi, mtu wa kwanza kukataa kupanda na awe mwanachama wetu, hata kama ana haraka, hata kama dagaa zake zitaoza. Na mwaloni, ubao wa namna hiyo hiyo uandikwe bei ya asubuhi ya mialo mitatu ya jirani. Vijana wenye simu wanaweza kuifanya kazi hiyo kabla ya chai.

Tawi litakaloweka ubao wake na lituandikie jina la gati, idadi iliyoruhusiwa, na idadi iliyopanda siku ya gulio. Tutazichapa zote mbili.