Bibi kasimama, viti vimekaa

KIGODA CHA MASANJA
Na Masanja wa Igoma

Jumapili iliyopita nimeona jambo ambalo mpaka leo, siku ya kuandika safu, bado limenikwama kooni kama mwiba wa sato. Nimeona viti vikiheshimiwa kuliko binadamu, tena kanisani, tena kwa jina la imani.

Ni kanisa changa, halijamaliza mwaka, linasali katika ghala la zamani huku pembezoni mwa jiji letu la Mwanza. Jina silitaji, na ninyi mnaopenda kubahatisha, nyamazeni. Tulialikwa na binti wa jirani. Siku yenyewe waliiita Jumapili ya Maandalizi ya Ongezeko. Mkurugenzi (wasomaji wapya, huyo ni mke wangu, cheo alijipa mwenyewe na bodi haijawahi kukaa kumthibitisha) alisema twende, jirani ni jirani. Mimi ni Mkatoliki wa misa ya kwanza, ile ya saa kumi na mbili ambayo kwaya yake bado ina usingizi, kwa hiyo ilipofika saa tatu sikuwa na kisingizio.

Ndani ya ghala watu walikuwa wamejaa. Akina mama wamepakata watoto, wamekaa sakafuni. Wanaume wameegemea ukuta. Nje, chini ya turubai jipya, kulikuwa na viti vyeupe vya plastiki, safu kwa safu, vimefungwa riboni za zambarau, na hakuna aliyekalia hata kimoja. Nikadhani wageni rasmi wamechelewa. Kwetu mgeni rasmi lazima achelewe, ndio urasmi wenyewe.

Akaja bibi mmoja, mguu umevimba, fimbo mkononi, akajikalia kwenye kiti cha pembeni kabisa na kushusha pumzi. Kijana mhudumu, shati jeupe, tai nyekundu, kifaa sikioni utadhani analinda waziri, akamwendea mbio.

"Shikamoo bibi. Samahani, hivi viti ni vya imani."

"Marahaba mjukuu wangu. Ni vya nani?"

"Vya imani, bibi. Ni vya watu ambao Mungu anatuletea."

"Na mimi nani kanileta?"

Kile kifaa cha sikioni hakikumpa kijana jibu. Lakini bibi, kwa sababu ni wa kizazi kilichofundishwa kutobishana nyumbani mwa Mungu, alijizoazoa akasimama, akaenda kuegemea nguzo ya turubai. Mkurugenzi akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Kisha yeye akafanya analolifanya siku zote mimi ninapoangalia viatu: akatoka, akachukua kiti kimoja cha imani, akakipeleka hadi kwenye nguzo, akamkalisha bibi, akabaki amesimama pale mikono kiunoni. Tai nyekundu ilitazama hali, ikaamua kwamba ina kazi upande wa pili.

Nitaeleza msimamo wangu mapema ili mwenye kuchukia achukie akiwa bado na nguvu. Kuandaa kanisa changa likue ni kuandaa watu wanaoweza kulibeba siku mwenye maono hayupo. Mengine yote ni fenicha.

Na fenicha ndiyo iliyohubiriwa. Mtumishi alipanda jukwaani, kijana mwenye sauti nzuri na suti iliyomkaa vizuri zaidi ya sauti. Akatangaza mwaka wa ongezeko. Kanisa lijiandae! Napokea! Viti elfu mbili! Napokea! Vyombo vipya, spika, mikisa, kinanda! Napokea! Jenereta! Skrini mbili kubwa! Basi la kubebea waumini! Kila kitu kilipokewa pale pale, na mimi niliyezoea kujibu "Na iwe rohoni mwako" kwa sauti ya chini nikajikuta nimepokea basi. Bahasha zikagawiwa, rangi tatu, kila rangi na kiwango chake. Ya dhahabu ilikuwa kwa ajili ya sadaka ya kujimaliza. Namba ya kutumia pesa kwa simu ilibandikwa kwenye nguzo nne, pamoja na ile aliyoegemea bibi.

Nikawa nangoja. Nilijiambia, baada ya jenereta atafika kwa watu. Hakufika. Waliotajwa ni watu watakaokuja. Waliokwisha kuja walitajwa kama wachangiaji. Kisha mzee wa kanisa akasoma matangazo, na tangazo la tatu, nanukuu kwa kuwa nililiandika nyuma ya bahasha, lilisema: "Darasa la waongofu wapya halitakuwepo mpaka tutakapotangaza tena, kwa sababu chumba chake kimehifadhiwa spika."

Watu wakasema amina.

Naomba nipumue. Msomaji wangu wa Sengerema, yule anayenitumia ujumbe kila wiki kunisahihisha, tayari ameshaandika: "Masanja, wewe unapinga imani." Sipingi, mzee wangu. Hata Yesu, katika Luka 14, alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara akamtaka akae kwanza apige hesabu ya gharama. Halafu ninamfahamu bwana anayekodisha vile viti. Hakodishi kwa imani. Anachukua nusu kabla ya kushusha mzigo, na jioni anahesabu vyote, kilichokaliwa na kisichokaliwa bei ni moja.

Baada ya ibada ndipo nilipoona lililoniudhi zaidi ya viti. Binti wa jirani yetu, aliyeokoka mwaka huu huu kabla ya Pasaka, ana beji kifuani: Kiongozi, Idara ya Waongofu Wapya. Ni binti mzuri, ana moyo, nimemwona akikua. Akaja kijana wa bodaboda, kofia ngumu kwapani, akamsubiri amalize kukumbatiana na watu, kisha akamuuliza taratibu. Mama yake ni mgonjwa tangu masika. Ameomba, amefunga, ametoa bahasha. Mama hajapona. Je, ina maana yeye hana imani?

Binti alinyamaza. Kisha akamwambia aongeze maombi. Kijana akamwambia ameshaongeza. Basi akamwambia akamwone mtumishi. Kumwona mtumishi ni kwa miadi, na kitabu cha miadi kinashikwa na yule tai nyekundu, na tai nyekundu alikuwa anakusanya riboni. Kijana akavaa kofia yake, akapiga kiki, akaondoka na swali lake.

Simlaumu binti hata kidogo. Mtu wa miezi michache amepewa swali la Ayubu na beji, na chumba ambamo angefundishwa kulijibu kimejaa spika. Lawama zote nampelekea aliyempa beji kabla ya kumpa Biblia iliyosomwa pamoja, aya kwa aya, na mtu mwenye mvi.

Hapa Mwanza hatuna haki ya kutojua mambo haya, kwa sababu jibu liko Bukumbi, mwendo mfupi tu kwa daladala ukielekea Misungwi. Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda Februari 1879. Mwaka uliofuata wakabatiza watu wao wa kwanza, wachache wa kuhesabu kwa vidole. Lakini mkuu wao, Kardinali Lavigerie, alitaka kanuni ngumu zaidi ya hapo: mtu afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Miaka minne! Siku hizi kwa miaka minne mtu anaokoka, anakuwa mchungaji, askofu, nabii, na anagombana na kila aliyemwekea mikono. Novemba 1882 wamisionari wakaona mambo kwa kabaka yamekuwa na mashaka, wakafunga virago, wakavuka ziwa kuja upande wetu, wakaweka kituo Bukumbi. Kule nyuma wakaacha kanisa la watoto wa juzi. Halina padre, halina jengo la maana, wala halijui kama hao wazungu watarudi.

Waliporudi Julai 1885 walikuta limeongezeka.

Nani alilikuza? Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ndani ya jumba la kabaka, aliwafundisha vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa kabaka, alifundisha waliomzunguka na kuuguza wagonjwa tauni ilipoingia. Matia Mulumba alifundisha kule Mityana, na pamoja naye Noa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu. Waanglikana nao, kwa Alexander Mackay na mashine yake ya kuchapa, walikuwa wakiwafundisha watu kusoma kwanza, na mengi ya masomo hayo ya mwanzo yalikuwa kwa hiki hiki Kiswahili chetu. Mackay mwenyewe alifia upande wetu wa ziwa, Usambiro, mwaka 1890. Na ilipofika 1885 na 1886, Kabaka Mwanga alipoanza kuua, hao wapiga ngoma na wafinyanzi hawakutafutwa kwenye kitabu cha miadi. Walikuwa wanajua wanachokiamini na wanajua kukieleza. Nenda Namugongo, kule Uganda, tarehe 3 Juni, sikukuu ya mashahidi hao, uone wingi wa watu. Hilo ndilo ongezeko, na sijasikia kwamba lilianza kwa viti.

Sengerema atasema nimechagua mfano wa Wakatoliki kwa upendeleo. Haya, nimpe Paulo. Matendo 17 inamtaja pale Thesalonike akijadiliana na watu kwa Sabato tatu, kisha vurugu, kisha ndugu wanamsafirisha usiku. Aliacha kanisa changa kuliko hili la ghalani. Akalitumia nini? Alimtuma Timotheo akawaimarishe, akawaandikia barua, na humo akawakumbusha kwamba alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Hakuna bahasha ya dhahabu. Nimeitafuta.

Na kabla hamjacheka sana, ninyi wenzangu wa misa ya kwanza, nyamazeni. Parokia zetu zina harambee ya mnara, harambee ya vigae vya mnara, na harambee ya kumshukuru aliyechangia vigae. Jumuiya ndogo ndogo kwetu ni akina mama sita na mwanamume mmoja aliyefuata chai. Mwanamume huyo mnamjua. Lakini angalau kuna katekista, mzee mmoja wa baiskeli isiyo na breki, ambaye posho yake ingemfanya mhudumu wa spika agome, naye ndiye anayewauliza watoto maswali mpaka wanalia. Huyo ndiye akiba yetu.

Mwenye kudhani ninakuza jambo dogo atazame Shakahola, kule Kilifi, Kenya, mwaka 2023, makaburi ya waumini walioambiwa wasile yalipofukuliwa na miili zaidi ya 400 ikatolewa. Nasema bila kupepesa: wale walifundishwa kutii kabla ya kufundishwa kusoma. Mtu aliyezoea kuuliza kwenye darasa la Jumatano, hata swali la kijinga, angeuliza pia siku alipoambiwa asile. Mchungaji anayeogopa maswali ya mwendesha bodaboda ajue anaandaa kundi kwa ajili ya mbwa mwitu yeyote atakayekuja na sauti nzuri kuliko yake.

Mkurugenzi aliniambia njiani nisiandike, nitawaudhi majirani. Nikamwambia wewe umeiba kiti. Akasema hakuiba, alikipokea.

Ila kabla ya kuondoka nilimfuata yule mzee wa kanisa aliyesoma matangazo. Mtu mstaarabu, mstaafu wa serikali, anaongea polepole. Nikamuuliza: mzee, tuseme mtumishi kasafiri, au kaugua, miezi mitatu hayupo. Nani atafundisha hapa?

Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa swali alilolisubiri. "Hilo tumeshaliandaa, ndugu mwandishi. Ndiyo maana tunanunua skrini. Atarekodi mahubiri kabla."

"Na yule kijana mwenye mama mgonjwa, ataiuliza skrini?"

Mzee alifikiri, akafungua daftari lake, akashuka na kidole mpaka chini ya ukurasa.

"Maswali," akasema, "yako awamu ya pili."