Gari la Kwanza, Deni la Kwanza

Wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga. Wahitimu wengi hudhani kwamba sifa ya mkopaji huanza kujengwa siku anapochukua mkopo wa gari la kwanza. La hasha! Mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha za HELB amekwisha kuwa mdaiwa, na akikwepa kulipa, jina lake huweza kufikishwa kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo, CRB. Benki itakapoombwa mkopo wa gari, itatazama huko kwanza. Aidha, mashirika hayo si orodha ya wakosaji tu. Kanuni za 2013 zilifungua mlango wa kurekodi hata malipo mema. Basi, mwanafunzi mwenzangu, anza kulipa deni la elimu kabla ya kutamani usukani. Gari huchakaa, jina jema hudumu.