Waliofunga Mlango wa Sataranji

Baraza la wazee wa kanisa letu limewafungia wachezaji wa sataranji nyumba ya mikutano. Tangazo lilisomwa Jumapili baada ya ibada, nalo lilikuwa fupi: mchezo huu ni kamari, na kamari haina nafasi katika nyumba iliyojengwa kwa sadaka za waumini. Ufunguo ukachukuliwa siku ile ile. Mimi ndimi mwalimu niliyekuwa nikiutunza ufunguo huo kila Jumamosi, na leo naomba nafasi katika gazeti hili niseme ya kuwa wazee wetu wamekosea. Nawaheshimu, maana baadhi yao ndio walionifundisha kusoma Zaburi. Lakini heshima siyo kunyamaza.

Kwanza nikiri jambo ambalo wapinzani wangu wangependa kunitangulia kulisema. Fedha ilikuwako mezani. Mzee aliyeingia jioni ile akaziona sarafu chini ya ukingo wa ubao hakuota ndoto. Aliona kweli, nami nalikuwa nimeziona kabla yake kwa majuma mengi, nikageuza macho. Basi ugomvi wangu na wazee si juu ya walichokiona. Ni juu ya jina walilokipa.

Kwa ajili ya msomaji asiyeujua mchezo huu, nieleze kwa maneno machache. Ubao una nyumba 64, nyeupe na nyeusi. Kila mchezaji ana kete 16: mfalme na malkia, maaskofu wawili, farasi wawili, ngome mbili, na askari wanane mbele yao. Kila aina ina mwendo wake. Anayemzingira mfalme wa mwenzake hata asiwe na pa kukimbilia, ndiye mshindi. Hakuna dadu inayorushwa, wala karata iliyofichwa mkononi. Kila kitu ki wazi mbele ya wote wawili, na ashindwaye hana wa kumlaumu ila kichwa chake mwenyewe. Kamari ni kutega mali kwa bahati, mtu apate asichokitolea jasho. Je, katika sataranji bahati imekaa wapi?

Tena wazee wetu hawana haja ya kuvuka bahari ili kuufahamu mchezo wa namna hii. Bao la Kiswahili, ambalo wao wenyewe hulicheza chini ya mwembe, lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina kete 32 na nyumba 64. Utadhani ni ndugu wawili waliogawana urithi kwa kupokezana. Bao halikutangazwa kuwa dhambi Jumapili ile.

Mmoja wa wazee, mtu aliyesoma sana, alinijibu kwa habari za kale. Alinikumbusha ya kuwa karibu na mwaka 1061 Petro Damiani, mwalimu mkuu wa Kanisa, alimkemea askofu wa Firenze aliyekuwa akicheza sataranji katika nyumba ya wageni safarini, akampa kitubio cha kusoma Zaburi zote mara tatu na kuwaosha miguu maskini kumi na wawili. Habari hiyo ni ya kweli. Tena Louis wa Tisa, mfalme wa Ufaransa, aliwakataza maofisa wake mchezo huu mwaka 1254. Lakini yafaa tuisome habari yote. Katika zama zile watu wa Ulaya mara nyingi waliicheza sataranji kwa dadu na kwa fedha, na makatazo yaliutaja mchezo huu pamoja na dadu, kana kwamba ni kitu kimoja. Dadu zilipokwisha kuachwa, twaona nini? Mwaka 1561 kasisi mmoja wa Hispania, Ruy López, alitoa kitabu kizima cha kufundisha sataranji, na mwanzo mmoja wa mchezo waitwa kwa jina lake hata leo. Katika karne ile ile Mtakatifu Teresa wa Ávila aliwaeleza masista wake habari za sala kwa mfano wa kupanga kete na kumfunga mfalme. Sifichi ya kuwa alisema pia kwamba mchezo huo haukuruhusiwa katika nyumba zao. Lakini aliujua, wala hakuona haya kuutumia kuwaongoza watu kwa Mungu.

Nasema hayo ili kumjibu mzee yule, ila moyo wa shauri langu hauko Firenze. Uko katika meza ile ya dirishani.

Aliyeanzisha sarafu hakuwa mwovu. Alikuwa kijana mwenye akili, aliyewashinda wote, hata mimi niliyemfundisha. Siku moja aliniambia, “Mwalimu, nimechoka kucheza na hawa wasiojua. Anayetaka kucheza nami na aweke bei ya soda.” Nalicheka. Naliona ni utani wa ujana, tena, nasema kweli, nalifurahi kidogo kuona wachezaji wakikaza mawazo kuliko siku zote. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo si la kijana, ni langu.

Maana tazama yaliyofuata. Katika majuma machache meza ya dirishani, yenye mwanga mzuri, ikawa meza ya wenye sarafu. Watoto wakasogezwa kwenye kona iliyo karibu na stoo, wakacheza gizani kwa kete za magunzi ya mahindi. Hodari hakucheza tena na mwanafunzi, kwa kuwa mwanafunzi hana kitu cha kuchukuliwa. Binti mmoja wa darasa la sita, aliyekuwa akija na mdogo wake mgongoni na aliyeanza kufahamu vema mwendo wa farasi, aliketi Jumamosi tatu akitazama tu. Hakuna aliyemwita. Jumamosi ya nne hakuja.

Kisha ikaingia shari. Sheria ya sataranji ni kwamba aliyeigusa kete yake aiendeshe. Pasipo fedha, mtu akigusa kete kwa haraka hucheka, akaiendesha, akashindwa, akapeana mkono na mwenzake. Palipo na fedha huapa ya kuwa kidole chake hakikugusa. Nalisikia jina la Mungu likitajwa kwa ajili ya farasi wa gunzi. Nalisikia watazamaji wakinong’onezana hila kwa siri ili kumponza mtu. Vijana wawili waliokua pamoja, waliobatizwa siku moja, walipitana njiani bila salamu kwa ajili ya sarafu ambazo hazitoshi kununua kilo ya sukari. Wazee wakisema hayo ni machukizo, mimi ni wa kwanza kuitikia. Lakini ni machukizo ya sarafu! Mtu akimkuta panya ghalani humfukuza panya. Sijapata kumwona mkulima mwenye akili aliyelichoma ghala pamoja na mahindi.

Tuwatazame majirani zetu wa Uganda. Huko Kampala uko mtaa wa maskini uitwao Katwe. Robert Katende, aliyefanya kazi na chama cha Kikristo cha kuwafikia watoto kwa njia ya michezo, alianza mwaka 2004 kuwafundisha watoto wachache wa mtaa ule sataranji, na waliokuja walipewa uji. Baadaye alikuja huko Phiona Mutesi, akimfuata kaka yake, mtoto wa miaka tisa hivi, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa karo. Na ni nani aliyemwonyesha mwendo wa kete? Hakuwa bingwa. Alikuwa mtoto wa kike mdogo kuliko yeye. Mwaka 2012, katika mashindano ya mataifa mjini Istanbul, Phiona alijipatia daraja ya heshima inayotambuliwa na chama cha sataranji cha dunia, na mwaka 2016 ikatoka sinema ya maisha yake. Sisemi ya kuwa kila mtoto wa kijiji chetu atapanda ndege. Nasema ya kuwa kule Katwe aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua kabisa, na kilichowekwa mbele yao kilikuwa uji, kwa mshindi na kwa mshindwa sawasawa. Kwetu binti wa darasa la sita aliachwa akitazama, kisha sasa amefungiwa na mlango.

Wako pia wasemao, “Hata bila fedha, huo ni uvivu.” Twacheza Jumamosi tangu saa tisa, majembe yamekwisha kuoshwa, hata jua kuzama. Kama ni uvivu, basi na walio chini ya mwembe waondoke.

Na tangu mlango ulipofungwa, wale vijana wako wapi? Wasidhani wazee ya kuwa wamerudi shambani au wamejiunga na kwaya. Wamo barazani pa duka la njia panda, penye mashine ya kamari yenye taa nyekundu, imezayo sarafu usiku na mchana. Wengine wanabashiri mipira ya Ulaya kwa simu, kwa fedha waliyotumwa kununulia mafuta ya taa. Pale hapana ubao, hapana kufikiri, hapana mwalimu wa kutubu. Kila Jumapili wazee wetu hupita mbele ya mashine ile waendapo ibadani, nao humwamkia mwenye duka kwa adabu. Je, tangazo la kamari halikumhusu yeye?

Basi naliomba baraza lirudishe ufunguo, kwa masharti nitakayoyatimiza mimi mwenyewe. Fedha isionekane mezani, wala soda, wala ahadi ya soda. Atakayeileta atoke, hata akiwa ndiye hodari kupita wote. Kila hodari acheze kwanza na mwanafunzi mmoja kabla ya kucheza na hodari mwenzake. Meza ya dirishani iwe ya watoto. Na mzee mmoja wa kanisa aketi nasi kila Jumamosi; akitaka, tutamfundisha, naye atakuwa mwanafunzi wa kijana yule niliyemtaja, ambaye amekwisha kuniahidi.

Nimekwenda nyumbani kwa binti yule na kuzungumza na mama yake. Atakuja, kama mlango utakuwa wazi. Kete zote zimo katika kopo nyumbani kwangu, isipokuwa farasi mmoja mweusi aliyepotea siku ya ugomvi, na mahali pake tumeweka kizibo cha soda. Jumamosi ijayo, saa nane na nusu, nitasimama mbele ya nyumba ya mikutano nikiwa na kopo hilo.