Injini Kuukuu ya Poshomili na Bahari Yetu



Juma hili tumeletewa swali na jamaa moja ya Lamu, ndugu watatu na mama yao, waliouza shamba dogo la minazi ili watie injini katika mashua waliyoachiwa na marehemu baba yao. Shemeji yao afanyaye biashara huko Meru amewapa habari ya injini ya dizeli iliyokuwa ikizungusha poshomili. Ingali hai, na bei yake haifiki nusu ya bei ya injini mpya. Wauliza: tuinunue? Fedha hizo ndizo zote walizo nazo, na ndani yake imo haki ya mama. Kwa sababu hiyo hatukuona vyema kujibu kwa maneno mawili.

Kwanza tuijue injini yenyewe. Kwa miaka mingi, katika vijiji vya Embu na Meru, mlio uliowajulisha watu kwamba unga unasagwa ulikuwa wa injini ya silinda moja, yenye magurudumu mawili mazito ya chuma ubavuni na pipa la maji kando yake. Nyingi zilikuwa za ukoo wa Lister wa mji wa Dursley, Uingereza, au nakala zake zilizotengenezwa Rajkot, India. Aina iliyo mashuhuri zaidi ilianza kuundwa karibu na mwaka 1930, nayo hutoa nguvu ya farasi 6 kwa mizunguko 650 tu kwa dakika. Ni ajabu kwamba injini hizi zilidumu huko kwa muda mrefu, ilhali mto Tana, unaopita mpakani mwa Embu kabla ya kutushukia sisi hadi Kipini, ulikwisha kuzuiliwa kwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, na Masinga mwaka 1981. Nyaya zilipita juu ya vichwa vya watu wa Mbeere zikielekea mijini, nao chini wakisaga mahindi kwa dizeli. Sasa umeme umefika vijiji vingi, wenye vinu wanahamia kwenye mota, na injini za zamani zinatafutiwa wanunuzi.

Ukongwe peke yake si aibu ya injini. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda hata ikapata joto la kuunguza mafuta yanaponyunyizwa. Ile ya zamani haihitaji umeme wala kompyuta ipate kwenda. Ikipata dizeli safi, hewa ya kutosha, maji ya kuipoza na oili isiyochoka, na mgandamizo wake ukiwa mzima, itakwenda. Tena mwendo wake wa polepole huzipunguzia ringi na beringi kulika.

Maradhi yake mengi huanzia kwenye mafuta. Dizeli yenye maji huziharibu pampu na nozeli kwa kutu, na uchafu kidogo tu huziba matundu ya nozeli, ambayo ni membamba mno. Tangi lisilojazwa hutoa jasho ndani usiku, na jasho hilo ni maji. Kisha kuna dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, hila iliyoenea hata Serikali ya Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuikomesha. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu hulika kimya kimya. Mwenye poshomili hupata hasara ya siku moja pampu ikifa. Nahodha aliye nje ya mwamba wakati wa kusi yu katika jambo jingine kabisa.

Moshi nao una habari zake. Mweusi husema mzigo umezidi, au hewa haitoshi, au nozeli inatiririsha badala ya kunyunyiza. Wa buluu husema oili inaungua, yaani ringi au vali zimelika. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yameingia ndani ya silinda. Hapa tumtahadharishe shemeji: mji wa Meru uko takriban mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko yetu kwa kadiri ya sehemu moja katika saba. Injini itoayo moshi mweusi kidogo kule yaweza kusafika ikishuka pwani. Moshi wa buluu hautatibiwa na safari ya Mombasa.

Hata hivyo, kwa mashua jibu letu ni hapana. Injini ya poshomili hufungwa juu ya saruji, ikalala sawa maisha yake yote, na katika nyingi za aina hii oili hurushwa na kijiko kidogo kilicho chini ya mkono wa pistoni. Mashua ikiinamia upande mmoja kwa muda, au ikinyanyuka omo na mawimbi, oili hukimbilia pembeni na kijiko kikachota hewa. Uzito wake, pamoja na magurudumu yale, hupita kilo 300, nao hukaa juu kuliko mashua ndogo ipendavyo. Haina gia ya kurudi nyuma. Itabidi inunuliwe na kuunganishwa na rafadha, na hapo unafuu wa bei umekwisha. Kuipoza nako kuna taabu: maji ya bahari yakipata moto mwingi huacha ukoko wa chumvi katika njia zake hata zikaziba, na chuma ambacho hakikuandaliwa kwa chumvi huliwa upesi. Zaidi ya yote, magurudumu yale yako wazi. Kule vinuni mtu aweza kusimama mbali nayo. Ndani ya mashua yenye abiria, leso ya mama au kanzu ya mtoto iko umbali wa shubiri moja.

Wenye nia ya injini iliyokwisha kutumika na watafute iliyozaliwa baharini, yenye gia yake na pampu yake ya maji ya chumvi. Waende kuitazama asubuhi, kabla muuzaji hajaipasha. Wakiukuta mwili wake una joto, waulize kwa nini. Waizungushe kwa mkono wauhisi mgandamizo. Wachomoe kijiti cha oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na warudi nyumbani. Wafungue kiwiko cha bomba la moshi, mahali maji yanapokutana na moshi, kwani hapo ndipo kutu na masizi hujificha, na wauzaji hawapendi pafunguliwe. Kisha iende saa nzima ikiwa na mzigo, si kunguruma bure gatini. Fundi awe wa kwao, si wa muuzaji. Na injini ikiwa inakwenda, asitokee kijana wa kujaribu nozeli kwa kidole. Mnyunyizo wake hupenya ngozi, na jeraha lake, lijapoonekana dogo, ni la kukimbiziwa hospitali.

Ile ya Meru isidharauliwe. Kama kuna mtu bara mwenye kisima au kinu kisichofikiwa na umeme, itamfaa miaka mingi, na vipuri vya Rajkot vingali vinapatikana, ila vipimwe kabla ya kulipiwa kwa maana havilingani vyote. Shemeji aweza kuinunua kwa fedha zake na kuifanyia biashara huko huko.

Wale ndugu wasitumie fedha zote kwa injini. Waweke akiba ya machujio mawili ya dizeli, mpira wa ndani wa pampu ya maji, mkanda, na vipande vya zinki vinavyoliwa na chumvi badala ya chuma. Na tanga la marehemu lisiuzwe. Likunjwe vizuri, likae ndani ya mashua pamoja na foromali yake.