JUA NI LETU, NA MITAMBO IWE YETU



Yapo mambo mtu huyasahau mwenyewe, na yapo ambayo wakubwa hupenda ayasahau. Giza la Unguja hatukubali kulisahau. Mwezi wa Mei 2008 umeme utokao bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani takriban mwezi mzima. Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii giza likadumu miezi mitatu. Mabomba ya maji yalikauka, na biashara ndogo ndogo zikafa. Mwenye jenereta akawa bwana wa jirani zake.

Tangu hapo Pemba imepata waya wake kutoka Tanga, mwaka 2010, na Unguja ikaongezewa mkubwa zaidi mwaka 2013. Waya hatuukatai. Tunalokataa ni kuambiwa kwamba waya ndio mwisho wa akili, na kwamba kazi ya mwanakijiji ni kulipa na kungoja.

Tutazame visiwa vya wenzetu. Samsø, huko Denmark, nacho kilitegemea waya kutoka ng'ambo, na mafuta kwa meli. Mwaka 2000 kiliwasha mitambo 11 ya upepo katika nchi kavu: 9 ni ya wakulima wenyewe, na 2 ilinunuliwa kwa hisa na wananchi wengi. Leo waya ule ule uliokuwa ukileta umeme ndio unaopeleka ziada bara. Kisiwa cha Eigg, Scotland, chenye watu wapatao mia moja tu, kilianza Februari 2008 kuendesha umeme wake wa maji, upepo na jua. Kila nyumba ina haki ya kilowati 5 kwa wakati mmoja, na isizidi. Miezi mitatu baadaye sisi tulikuwa tukitafuta mishumaa.

Watasema, "Wale ni Wazungu, wana elimu." Tunawajibu: wanawake wa vijiji vyetu, na wengine kati yao hawakupata skuli ya kutosha, walikwenda Tilonia, India, wakajifunza ufundi wa umeme wa jua, wakarudi kuwasha nyumba za vijijini. Huko Kinyasini pana chuo kinachoendeleza kazi hiyo. Elimu basi ipo. Kinachokosekana ni milki.

Maana zawadi tumeziona. Paneli hupandishwa juu ya paa, hotuba ikasomwa, picha zikapigwa. Betri ikifa hapana wa kuuliza, kwani kitu chenyewe hakikuwa cha mtu. Mali ya kijiji ina daftari, ina mchango wa kila mwezi, ina akiba ya kununulia betri mpya, na ina mkutano wa kumwuliza mweka hazina. Na likija shamba kubwa la jua la mwekezaji, kijiji kilichotoa ardhi kisiachiwe kazi ya kulinda lango tu. Kiwe na hisa yake.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, sheria itamke wazi kwamba ushirika wa shehia waweza kumiliki mitambo ya jua na upepo na kuuza umeme wake. Pili, Shirika linunue ziada ya kijiji kwa bei inayotangazwa mbele ya watu. Tatu, ushirika ukopeshwe kwa masharti ambayo mvuvi na mkulima wa mwani wanaweza kuyatimiza.

Nasi wanachama tusingoje. Kila tawi liitishe mkutano, wake kwa waume, bila kuuliza kadi ya chama, kwani giza halikuchagua nyumba. Tuchague watu waaminifu, tufungue daftari, tuanze na pampu ya kisima kimoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Jua huchomoza kila siku bila ya idhini ya waziri. Na tuikamate nuru yake kwa mikono yetu.