Azima Ngoma, Usiazime Lafudhi

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina ugomvi na wahenga, msomaji mpenzi, lakini katika muziki mambo huenda kombo. Santuri njema yaweza kukaa kabatini miaka sitini na ushei, jamaa wakiipita kama waipitavyo kalenda ya mwaka jana.

Leo tupanguse vumbi moja ya aina hiyo. Inaitwa Latin ala Lee!, na ilitolewa na kampuni ya Capitol mwaka 1960. Mwimbaji ni Peggy Lee, Mmarekani aliyezaliwa Jamestown, North Dakota, mwaka 1920 na kufariki mwaka 2002. Ukimtaja bibi huyu, wengi watakujibu kwa neno moja tu: "Fever", wimbo wake wa 1958 ulioimbwa kwa besi, ngoma na mlio wa vidole, basi. Wimbo huo ulivuma hata ukaifunika albamu hii.

Ndani yake mna nyimbo 12, zote za michezo ya jukwaani ya Broadway, New York. Zimo mbili za My Fair Lady ya 1956, mchezo uliotokana na Pygmalion wa Bernard Shaw, ambao wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza huenda wanaujua. Lee na mpangaji wake wa muziki, Jack Marshall, walizivua nyimbo hizo suti na tai, wakazivika mdundo wa Kuba.

Utaniuliza, ajabu iko wapi? Miaka ya 1950 mambo na cha-cha-cha ziliiteka Marekani, na waimbaji tele wa jazi walijaribu bahati yao. Nat King Cole alitoa albamu nzima ya Kihispania mwaka 1958. Kwa nini basi tumsikilize Lee?

Jibu liko nyuma kidogo. Mwaka 1948 Lee alishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wimbo "Mañana". Humo alijitia lafudhi ya Kimeksiko, akiigiza mtu asiyejali kazi wala kesho. Wengi walicheka, lakini wengine walimlaumu kwa kuwafanyia watu mzaha, na lawama hiyo ilikuwa ya haki. Miaka 12 baadaye, katika Latin ala Lee!, lafudhi ya bandia haipo. Anaimba kwa ulimi wake mwenyewe na kuziachia ngoma zijisemee.

Tena haimbi kwa kelele. Lee alisimulia kwamba zamani, katika klabu moja ya Palm Springs, wateja walikuwa wakipiga soga hata hasikiki. Badala ya kupaza sauti, aliishusha, nao wakanyamaza wamsikie. Ufundi huo ndio unaoibeba albamu hii: ngoma zinarindima, sauti inapita katikati yake taratibu, na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Hapo ndipo penye fundisho kwa vijana wetu wa mjini wanaokesha wakiiga sauti za ng'ambo. Kuazima mdundo si kosa. Ngoma ya konga ina asili yake Afrika, hasa kwa watu wa Kongo waliopelekwa Kuba utumwani. Mdundo wa Kuba nao ulirudi Afrika kwa santuri za GV, ukachangia kuzaliwa rumba ya Kongo, ambayo wazazi wenu waliicheza hapa Nairobi. Bila kuazimana, rumba isingekuwapo. Kosa ni kuuazima ulimi wa mtu na kumgeuza kichekesho, au kuutupa wako ili ufanane naye.

Na kizuri husafiri hata kama aliyekianzisha amesahaulika. Katika albamu hii umo wimbo "Till There Was You", wa mchezo The Music Man wa 1957. Kijana mmoja wa Liverpool aliusikia kwa sauti ya Lee kupitia binamu yake, wala hakujua kwamba ulitoka jukwaani. Kijana huyo ni Paul McCartney. Mwaka 1963 Beatles waliurekodi, na Ringo Starr akapiga bongo. Mamilioni waliusikia, lakini ni wangapi waliouliza ulipitia kwa nani?

Basi itafute, uisikilize mara mbili: kwanza sauti, kisha ngoma. Na iwapo babu ana kabati la santuri, usikubali ziuzwe kwa kilo kabla hujazipekua moja moja, huku babu mwenyewe akikueleza alizipata wapi. Huenda chema chenu kimekaa humo, kikingoja sikio.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.