Usonji Hautambuliwi kwa Mitambo

Mtoto wa miaka mitatu asiyeitikia jina lake, wala kuonyesha kwa kidole akitakacho, awe Kabuku wilayani Handeni au Micheweni kisiwani Pemba, huweza kuitwa mkaidi au kudhaniwa amepagawa. Pengine ana usonji.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayothibitisha hali hiyo. Daktari huhakikisha kwanza kuwa mtoto anasikia, humwuliza mzazi habari za makuzi yake, kisha humtazama anavyocheza na anavyozungumza. Kwa kijana wa sekondari, hata walimu huulizwa. Kinachotakiwa, basi, ni wataalamu na muda, wala si mitambo ya bei kubwa.

Kliniki za watoto tunazo hata vijijini. Muuguzi apimaye uzito akifundishwa maswali machache ya kuuliza, dalili zaweza kuonekana tangu miezi 18. Kuona dalili si kuthibitisha, lakini humfikisha mtoto kwa bingwa mapema.

Tanzania Bara ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010. Haki hiyo itamfaa nini mtoto ambaye hali yake haijatambuliwa?

Tunazisihi wizara za afya, Bara na Visiwani, ziwafunze wauguzi hao. Mzazi naye asimfiche mwanawe.